Nilisema ni Mvua

Cheka umalize, Makena, kisha unywe chai yako, inapoa.

Umefika jana jioni kutoka Meru, umelala, umeamka, na neno la kwanza la kuniuliza mimi bibi yako ni kama nimeanza uchawi uzeeni. Eti umeona alama imechongwa kwa kisu kwenye nguzo ya mlango wa jirani yangu, Mama Rwamba, na mtoto wake mdogo amekwambia ni mimi niliyeichonga. Ndiyo, ni mimi. Nilitumia kisu hicho hicho unachokatia mkate. Na hapana, sijaacha kanisa. Wewe uliyelelewa Kaaga, mahali ukirusha jiwe linaanguka uwanjani mwa shule, unadhani kitu ambacho hukufundishwa hakipo. Kaa hapo. Nitasema mara moja tu, maana jirani ana mgeni anayekuja saa nne, na nataka nifike kabla yake.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, huku kwetu chini ya Kiritiri, mtu aliweza kuacha mzinga wake juu ya mgunga mwaka mzima, bila kufuli wala mlinzi, na asali isiguswe. Kilicholinda ni alama. Kila ukoo ulikuwa na yake, imechongwa ubavuni mwa mzinga. Ya babu yangu, mzee Nyaga, ilikuwa mistari miwili mifupi iliyosimama, na wa tatu umepinda kama pembe ya mbuzi. Ukifungua mzinga wenye alama isiyo yako, nyuki watakufuata mpaka kwako. Na ukifuta alama ya mzinga, nyumba yako itahamwa. Itahamwa vipi? Kama mzinga unavyohamwa. Leo umejaa, kesho unaugonga kwa kidole husikii kitu.

Usinitolee macho hivyo. Kulikuwa na bwana mmoja hapa aliyeiba mbuzi wa mjane mchana kweupe, akasimama kanisani akaapa hajui lolote, na bado alikuwa akizunguka mbali ili asipite chini ya mizinga ya babu. Na babu wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Kuapa kwa uongo hakukumtisha. Mistari mitatu kwenye gogo ilimtisha.

Nyumbani tulibaki watatu. Cucu Igoki, yaani bibi yangu, mke wa marehemu babu. Wawira, binamu yangu wa miaka kumi na mitatu, ambaye mama yake, shangazi yangu, alikufa akijifungua. Na mimi. Mama yangu alikuwa juu kule Manyatta akichuma kahawa ya watu, akituma kidogo alichopata. Baba alikuwa ameondoka kutafuta kazi, akapata ya kunywa.

Cucu alisokota kamba za katani za kufungia mbuzi na kuziuza soko la Kiritiri. Kazi nzuri, mvua ikinyesha. Mwaka ule haikunyesha. Mbuzi walikufa, waliobaki wakauzwa, na mbuzi wakiisha nani atanunua kamba? Cucu aliendelea kusokota. Nyumba ilijaa kamba. Sisi tulikunywa uji wa mtama mwepesi hivi kwamba ungeweza kujiona uso ndani ya kikombe, na uso wenyewe haukuwa wa kutazamwa.

Ndipo Njeru wa Makaa alipoanza kuja kila Ijumaa.

Alikuwa mtu wa hapa hapa, baba yake alikuwa mfuga nyuki, lakini yeye alinunua makaa na kuyapeleka Embu kwa lori. Alivaa kofia ya kanisani hata siku ya kazi. Mwaka ule wa njaa lori lake lilikuja na unga na kurudi na makaa, na wakati mwingine kurudi na msichana. Anawapeleka kwa watu wema, alisema, walee watoto, wale chakula, wavae. Alimchukua Marigu wa ng'ambo ya bonde, na kwao walikula ugali wiki mbili. Marigu mwenyewe hatukusikia habari zake tena, lakini harufu ya ule ugali tuliisikia, upepo ulituletea.

Kwetu alikuja akasimama uani, akavua kofia.

"Cucu, nipe huyu mkubwa. Apumue, na wewe upumue."

"Mimi napumua vizuri," Cucu akasema, akisokota kamba yake.

"Ni njaa, Cucu. Hakuna aibu."

"Kama ni njaa, acha unga. Njaa haili wasichana."

Akacheka, akasema atarudi. Jioni ile ile, jua halijazama, Cucu alichukua kisu cha jikoni akachonga alama ya babu kwenye nguzo ya mlango. Mistari miwili na pembe. Alichonga akiwa amepiga magoti, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akatuita, akatushika mkono, akatupitisha kando ya nguzo mimi na Wawira, ndani na nje, ndani na nje. Kisha akatuambia, "Sasa ninyi ni asali ya Nyaga. Anayetaka aje afungue."

Wewe unaona ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Alama ile ilikuwa ya wanaume. Mwanamke hakuichonga hata kwenye mzinga, seuze kwenye nguzo ya nyumba. Kesho yake mzee Mbogo, ndugu yake babu, alikuja na fimbo yake.

"Igoki, umechonga alama ya ukoo kwenye nyumba ya wanawake?"

"Nimechonga."

"Hiyo ni ya mizinga."

"Niletee ya watoto, basi, nifute hii."

Mzee akaomba maji ya kunywa. Tulimpa nusu kibuyu. Akanywa, akaenda zake, na neno likatembea bonde zima kwamba Igoki amewatia wasichana wake alama.

Ijumaa Njeru alikuja na debe la unga begani. Alikuja mpaka mlangoni, akaweka mkono kwenye nguzo ili ainame kuingia. Kidole chake kiligusa mchongo. Nilimwona kwa macho yangu haya, mkono uliondoka kama umegusa jiko. Akasimama hapo anatazama mistari ile, jasho linamtoka chini ya kofia.

"Cucu, huyu ni mtoto," akasema. "Si asali."

"Kwa hiyo asali unaiogopa," Cucu akamjibu, "mtoto humwogopi."

Alirudi kwenye lori na debe lake. Wawira alicheka hadi akakaa chini. Kwa siku tatu alinizungusha uani akimwigiza Njeru, anashika nguzo, anaruka, anapuliza kidole. Cucu mwenyewe alicheka, na Cucu hakuwa mtu wa kucheka.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeona debe likirudi.

Sikiliza hapa vizuri, Makena, kwa sababu hapa ndipo watu wakisimulia utoto wao hujipaka mafuta. Nilikuwa na njaa, lakini haikuwa njaa peke yake. Nilikuwa nimesikia kwamba mjini watu wanakunywa chai na mkate kila asubuhi. Nilitaka nichukuliwe mimi. Si Wawira. Wawira ndiye aliyechota maji, ndiye aliyejua kuchimba mchanga wa mto mpaka maji yatoke, angeendaje? Mimi nilikuwa wa kula tu. Nikaona ni haki kabisa, mimi niende nile mkate, wao wale unga. Nilifua rinda langu. Nilijipaka mate magotini yang'ae.

Ijumaa iliyofuata Cucu alienda Kiritiri na kamba zake. Wawira alienda mtoni. Mimi nilichukua kipande cha chupa nikakwangua nguzo. Mti ulikuwa mkavu, ulitoka kwa urahisi, kama ngozi ya kidonda kilichopona. Nikapaka majivu pale palipobaki weupe. Kisha nikakimbia barabarani, nikasimama katikati ya njia mpaka lori likasimama.

"Cucu amefuta," nikamwambia Njeru. "Amekubali."

Hayo maneno mawili hakuna aliyenifundisha.

Alikuja. Alipapasa nguzo kwa kidole gumba, juu na chini, polepole. Akatabasamu. Akauliza, "Yuko wapi mkubwa?"

"Niko mimi," nikasema.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka magotini yanayong'aa, akacheka kicheko kikubwa cha kweli. "Wewe? Wewe ndiye utakayelelewa na mtoto!"

Wawira akatokea na mtungi wa maji kichwani. Njeru akamweleza. Cucu ameona busara, amefuta mwenyewe, tazama. Wawira hakumwamini. Akaenda mlangoni, mtungi bado uko kichwani, akatazama nguzo. Akaweka kidole pale pale. Akageuka akanitazama mimi.

Hapo ningesema. Hapo, kwa pumzi moja. Lakini Njeru alikuwa ameshateremsha debe na amelifungua, na mimi nilikuwa nautazama unga.

Wawira aliteremsha mtungi bila kumwaga tone. Aliingia ndani akakunja rinda lake la pili, akalifunga kwa kipande cha kamba ya Cucu. Alipotoka alijibana upande ili asiiguse nguzo, ingawa alikuwa mwembamba na hakukuwa na haja ya kujibana. Hakulia. Aliniambia tu, "Hayo maji yachuje, yana mchanga." Akapanda lori.

Sikujua siku hiyo nilichokuwa nimefanya. Nilidhani nimekosa safari. Nilichukua miaka kuelewa kwamba Wawira aliondoka akiamini ni Cucu aliyemfuta. Kwamba yule mwanamke aliyepiga magoti kumchongea alama alipiga magoti tena, siku yeye yuko mtoni, akaitoa kwa ajili ya debe la unga.

Cucu alirudi jua likiwa juu bado, na kamba zote begani, hakuuza hata moja. Aliona debe. Aliona rinda halipo. Akaenda kwenye nguzo.

"Nani amefuta hii?"

Nikasema, "Ni mvua."

Mvua, Makena. Miezi minane haikuwa imeanguka hata ya kulowesha kuku. Cucu aliinua uso akatazama juu. Hakukuwa na wingu, hata la kusingizia. Alitazama mbingu kwa muda mrefu sana, kisha akanitazama mimi, na mikono yangu yenye majivu, na rinda langu lililofuliwa. Nilingoja anipige. Natamani angenipiga.

"Haya," akasema. "Kama ni mvua, songa ugali."

Nilisonga. Yeye hakula. Mimi nilikula. Usitarajie nikwambie ulinikwama kooni, haukukwama. Ulishuka vizuri sana.

Kesho yake alianza kumtafuta. Alienda kwa chifu wa wakati ule, akaambiwa msichana alipanda lori kwa miguu yake mwenyewe na unga ulipokelewa, sasa kosa liko wapi? Alitembea mpaka Embu, akakaa siku nne akiuliza mlango kwa mlango, mwanamke asiyejua jina la mtaa wala la mwenye nyumba. Alimngoja Njeru Ijumaa barabarani, Njeru akapita kasi, vumbi likambakia. Alirudi nyumbani hana nyayo. Hakuniuliza tena neno la alama. Alinichana nywele, alinipa uji, alinifunika usiku. Hakuniuliza.

Kabla ya mvua kurudi, Cucu alikufa. Mama alikuja kunichukua, akanipeleka Manyatta, na huko kwenye kahawa ndiko nilikosoma mpaka darasa la saba. Nyumba iliporomoka. Mwaka huo huo mizinga ya babu ilihamwa yote, mzee Mbogo aliigonga mmoja mmoja. Mtupu, mtupu, mtupu. Utasema ni kiangazi, nyuki wanafuata maua. Hata mimi nasema ni kiangazi. Lakini nilikuwa nimeambiwa ukifuta alama nyumba itahamwa, nilifuta, na ikahamwa. Wewe ulisoma, tenganisha. Mimi nimejaribu miaka sitini sijaweza.

Nilimwona Wawira mara moja tu. Nilikuwa nimeolewa, nimerudi huku chini na mume wangu, na siku moja soko la Kiritiri mwanamke aliyekuwa akichagua ndengu mbele yangu akageuka, na alikuwa yeye. Alikuwa amelea watoto wa watu miaka mitatu bila kulipwa kitu, kisha alipofika kumi na sita wakamwoza kwa ndugu yao mzee ili asiondoke. Alinieleza hayo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali. Alikuwa amepoteza meno ya mbele. Tulikaa kwenye magunia, tukanywa chai na mkate, mimi nikiwa nimemnunulia. Mkate, eti.

Akaniuliza, "Gicuku, kuna kitu nataka kujua. Wewe ulikuwepo. Kwa nini Cucu alinifuta?"

Nilikuwa mtu mzima, Makena. Nina watoto wanne. Nina cheo katika kikundi cha akina mama. Jibu lilikuwa hapa, kwenye ulimi, refu kama kidole.

Nikasema, "Ilikuwa njaa."

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Nilidhani hivyo," akasema. Akapangusa makombo mapajani, akaniaga vizuri, akaenda. Mwaka wa pili yake nilisikia amezikwa. Kwa hiyo mara ya kwanza nilisingizia mvua, mara ya pili nikasingizia njaa, na Cucu, mtu pekee aliyesimama mlangoni kwa ajili yetu, alikwenda kaburini na kosa langu, na Wawira akamfuata akiwa bado amemkasirikia.

Njeru? Alikufa mzee, kitandani, wakamwimbia. Nyuki hawakumfuata. Mimi ndiye niliyefungua mzinga.

Sasa unajua. Uliniuliza ya nini alama kwa Mama Rwamba, nami nakujibu. Yule mama anaponda kokoto, mume hayupo, ana wasichana watatu na sufuria inayolala kifudifudi siku nne kwa wiki. Juzi alikuja mwanamke nadhifu wa gari dogo, simu mbili, anasema anatafutia wasichana kazi za nyumba. Ameacha unga na mafuta. Anamtaka Rwamba, wa darasa la sita. Anarudi leo saa nne. Nimemwambia chifu, amesema atafuatilia. Nimemwambia mwalimu mkuu wa shule ya Rwamba, naye amesema atafuatilia. Leo hii njia nzima imejaa watu wanaofuatilia.

Nilimwomba Mama Rwamba ruhusa nikachonga. Najua huyo wa gari hataiogopa, hajui hata ni nini. Siku hizi wanaoijua alama ile tumebaki wachache na wengi wetu hatuoni vizuri. Sikuichonga kwa ajili yake. Nimeichonga ili mimi mwenyewe niwe na mahali pa kukaa chini yake.

Na kuna jingine. Jana nilipokuwa nachonga, yule mdogo, Kaari, wa miaka minane, aliyekupasha habari, alisimama karibu yangu. Dada zake walikuwa wananitazama mimi na kisu. Yeye alikuwa anautazama ule mfuko wa unga. Nimeujua uso ule. Nimeuvaa. Cucu aliweka ulinzi upande wa nje, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini. Simlaumu Cucu, hakuwa na cha kuweka chunguni. Mimi ninacho. Ndengu zile kwenye gunia zinaenda kwao, usiziguse, nitarudi kuzichukua safari ya pili. Hiyo sufuria ya githeri pia. Na mkate uliobaki, nipe hapa, huo ni wa Kaari. Nitakaa naye pale mlangoni nimweleze hili lote, yote, hata ya mvua. Kabla yeye hajatafuta kipande cha chupa.

Hapana, usinisindikize. Osha vikombe. Ukisikia napiga kelele, ndipo uje, na uje na hiyo simu yako.

Nafunga mlango. Kuku wasiingie.